Kipimo cha UVIKO na influenza cha nyumbani: kifaa kizuri, kinachoangushwa na kalenda

Kwa mwenye haraka: nunua sanduku lenye vipimo viwili, usinunue lenye kimoja. Kipimo kimoja cha antijeni, yaani kinachotafuta protini ya kirusi, kilichotumika siku isiyofaa ni pesa iliyotupwa, na mara nyingi hasara yake inapita pesa, kwa sababu aliyeambiwa "huna" anavaa kanzu yake, anakwenda msibani na kukaa mkekani bega kwa bega na wazee.

Vifaa tunavyovipitia hapa ni vinne. BinaxNOW cha kampuni ya Abbott na Flowflex cha ACON ni vya UVIKO peke yake, na wanaoishi Marekani wanavijua. Panbio, nacho cha Abbott, kiliingia kwenye orodha ya dharura ya Shirika la Afya Duniani Oktoba 2020. Aliyeko Afrika Mashariki ana nafasi kubwa zaidi ya kukikuta mkononi mwa mhudumu wa afya kuliko rafuni dukani. Cha nne ni cha pamoja, cha Healgen, kinachotafuta UVIKO, influenza A na influenza B kwa kijiti kimoja. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha aina yake cha kununuliwa bila cheti cha daktari ambacho mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikipitisha kwa njia ya kawaida badala ya kibali cha dharura. Ilikuwa Oktoba 2024.

Tofauti kati ya kampuni na kampuni zipo, ila ni ndogo kuliko wauzaji wanavyotaka uamini. Tofauti kati ya kupima siku ya kwanza ya dalili na siku ya nne ni kubwa mno, na kwenye sanduku haijaandikwa kwa herufi kubwa.

Kaseti inaona nini, na haioni nini

Ndani ya kaseti, kile kibao cha plastiki cha kusomea jibu, kuna ukanda wa karatasi. Matone ya bafa (maji maalumu ya kipimo) yenye kamasi yakiingia kwenye kidimbwi chake, maji hupanda polepole kwenye karatasi yakibeba chembe za rangi zilizofungwa na kingamwili. Protini ya kirusi ikiwemo, chembe zile huishika, na vyote viwili hunaswa kwenye mstari wa T, ule wa jibu. Zilizobaki husonga mbele na kunaswa kwenye mstari wa C. Kazi inaishia hapo. PCR ya maabara huanza kwa kuzidisha vinasaba vya kirusi mara mamilioni ndipo itafute. Kaseti haizidishi chochote, kwa hiyo inaona tu kilichojaa. Virusi vikiwa vichache puani, jibu ni "hakuna", hata kama mtu anaumwa kweli.

Mstari wa C nao unaaminiwa kupita kiasi. Unathibitisha kwamba maji yamepita na rangi ni nzima. Hauthibitishi kwamba kijiti kiliingia puani. Kichovye kijiti kikavu kwenye bafa, dondosha matone, na C itatokea ikiwa imesimama vizuri kabisa. Ndiyo maana kwenye vifaa hivi jibu la "huna" haliwezi kuwa zuri kuliko mkono uliochukua kamasi.

Na ndiyo maana pia takwimu za sandukuni zisomwe kwa akili. Healgen, kwa mujibu wa FDA, kilitambua 92% ya sampuli zenye UVIKO, 92.5% za influenza A na 90.5% za influenza B. Waliokuwa hawana kiliwatambua kwa 99% upande wa UVIKO na 99.9% upande wa influenza. Ni namba nzuri sana kwa kipimo cha haraka. Vipimo vya haraka vya influenza vinavyotumika hospitalini vimezoeleka kunasa kati ya 50% na 70% tu. Lakini namba hizo zinatoka kwa watu wenye dalili waliopimwa katika siku zinazofaa. Aliyekutana na mgonjwa jana, leo akajipima, hayumo.

Siku ya kupima

Hesabu kwanza. Siku dalili ilipoanza ni siku ya sifuri. Koo lilianza kuwasha Jumapili jioni? Jumatatu ni siku ya 1. Andika siku hiyo mahali, hata nyuma ya sanduku, kwa sababu daktari ataiuliza kabla ya kuandika dawa, na mgonjwa mwenye homa husahau.

Influenza na UVIKO havipandi puani kwa mwendo mmoja, na hapa ndipo wanunuzi wengi wa kipimo cha pamoja wanapokosea. Influenza huja kwa kishindo: kutoka kuambukizwa hadi dalili ni kama siku mbili, mtu huanza kutoa virusi siku moja kabla ya kujisikia vibaya, na kilele chake kiko katika siku za mwanzo kabisa. UVIKO wa sasa, kwa watu ambao miili yao imeshaufahamu kwa chanjo au kwa kuugua, hutanguliza dalili. Virusi puani vinafika kileleni baadaye. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 uliona kilele hicho kiko karibu na siku ya nne ya dalili, na ukakadiria kwamba kipimo cha antijeni kingenasa 30% hadi 60% ya wagonjwa siku ya kwanza, lakini 80% hadi 93% siku ya nne. Mwaka 2020 haikuwa hivyo, ndiyo maana ushauri wa zamani wa "jipime ukianza kukohoa tu" umepitwa.

Kwa hiyo kipimo cha pamoja kitumie mapema, siku ya 0 hadi ya 2, kwa ajili ya influenza. Kikionyesha A au B, umepata jibu wakati dawa bado ina maana: oseltamiviri, dawa ya influenza, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili. Kisipoonyesha kitu, usiseme UVIKO haupo. Subiri saa 48, upime tena. Cha pili hakihitaji kuwa cha pamoja, ambacho bei yake huwa juu. Flowflex au BinaxNOW cha UVIKO tu kinatosha. Kwa nyumba yenye mzee au mjamzito, huo ndio ununuzi wenye akili kuliko wote kwenye rafu: cha pamoja kimoja, cha UVIKO viwili.

Saa 48 ni saa 48. Ukipima Jumatatu saa moja asubuhi, cha pili ni Jumatano saa moja asubuhi, si Jumanne usiku. FDA imeshikilia utaratibu huu tangu Agosti 2022: mwenye dalili apime angalau mara mbili kwa kupishanisha saa 48, na asiye na dalili apime mara tatu kwa mpishano huohuo. Sanduku la kipimo kimoja, ukilitazama kwa kanuni hiyo, ni nusu ya bidhaa kwa mwenye dalili na theluthi kwa asiye nazo.

Aliyekaa na mgonjwa na hana dalili asubiri siku tano kamili kabla ya kuchana mfuko wa kwanza. Kupima kesho yake ni kuipa kaseti kazi isiyoiweza. Dalili zikianza katikati, hesabu ya siku tano inafutwa, unahamia kwenye hesabu ya dalili.

Anayekwenda kumwona bibi, au harusini, au hospitali kumjulia hali mtu, apime siku hiyohiyo, karibu na saa ya kuondoka. Jibu la jana usiku linasema habari za jana usiku.

Kuna wakati wa kutopima kabisa, na wauzaji hawatakwambia. Kijana mwenye afya, mwenye mafua na kikohozi cha kawaida, asiyeishi na mtu dhaifu, jibu lolote lile halitabadilisha anachopaswa kufanya: abaki nyumbani mpaka homa iwe imekata kwa saa 24 bila dawa ya kuishusha na dalili kwa ujumla zinapungua, kisha avae barakoa kati ya watu kwa siku tano zaidi. Huo ndio mwongozo wa CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, tangu Machi 2024, na ni uleule kwa UVIKO, influenza na RSV, kirusi kingine cha njia ya hewa. Kipimo kina thamani pale ambapo jibu linafungua mlango wa dawa au linamkinga mtu: mwenye miaka 65 na zaidi, mjamzito, mwenye kisukari, pumu, selimundu, ugonjwa wa moyo au kinga iliyoshuka, na anayemhudumia mmoja wao. Kwa hao, Paxlovid, dawa ya UVIKO, inatakiwa ianzwe ndani ya siku tano tangu dalili, na mfamasia lazima aone orodha ya dawa zote anazotumia mgonjwa, maana ritonaviri iliyomo hugombana na dawa nyingi. Ukipima mara ya kwanza siku ya nne, umejiachia siku moja ya kumtafuta daktari.

Aliyeugua UVIKO karibuni naye apishe. Ndani ya siku 30, kama hana dalili mpya, hakuna haja. Zikija dalili mpya, atumie antijeni na si PCR, kwa kuwa PCR inaweza kuendelea kuokota mabaki ya kirusi hadi siku 90.

Homa Afrika Mashariki: malaria kwanza

Kwa aliyeko Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi au Kongo, homa yoyote ipimwe malaria siku hiyohiyo hata kama pua inachuruzika. Mafua na malaria hukaa kwenye mwili mmoja bila kugombana, na kaseti ya puani yenye mstari wa T haifuti malaria. Aliyerudi London au Minneapolis wiki mbili baada ya likizo Dar es Salaam, akapata homa, amtajie daktari safari hiyo bila kusubiri kuulizwa. Mstari mwekundu wa influenza umewahi kutosha kumfanya mtu aambiwe akalale.

Waliozoea MRDT, kipimo cha haraka cha malaria, wana tabia moja ya kuacha wanapohamia vipimo vya puani. MRDT nyingi hutafuta protini ya HRP2, ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa hiyo mtu aliyepona bado "anayo". Antijeni ya UVIKO haidumu hivyo. Mstari wa T siku ya nane, hasa ukiwa mzito, usiuchukulie kuwa mabaki tu; chukulia kwamba bado unaweza kuambukiza.

Mkono, matone na saa

Puliza kamasi kidogo kwanza, osha mikono, ukauke. Mwenye kipini akivue. Maelekezo ya BinaxNOW yanasema hivyo waziwazi, na kipini kinakwamisha kijiti hata pale maelekezo yasipokitaja. Kijiti kinaingia sentimita 1.5 hadi 2 tu, mpaka uhisi ukinzani. Si kile cha mwaka 2020 kilichofika nyuma ya macho. Zungusha duara kubwa ukisugua ukuta wa tundu, angalau mara tano, kama sekunde 15, kisha tundu la pili kwa kijiti hichohicho. Anayekizungusha kijiti kati ya vidole kikiwa kimesimama katikati ya hewa hajachukua kitu. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, na kama tulivyosema, mstari wa C hautalifichua. Mtoto wa kuanzia miaka 2 achukuliwe na mtu mzima. Flowflex na Healgen vinaruhusu kujichukulia mwenyewe kuanzia miaka 14.

Koo? Mjadala hauishi. Vifaa hivi vilipimwa ubora wake kwa sampuli ya puani, bafa yake imetengenezwa kwa kamasi, na maelekezo yao yanasema puani. Fuata karatasi ya kifaa ulichonacho.

Flowflex ndicho tunachompendekezea asiyewahi kupima. Mrija umekwishajazwa bafa, sanduku lina tundu la kuusimamishia. Chovya kijiti, koroga sekunde 30, kisha zungusha mara tano huku ukiuminya mrija ili maji yatoke kwenye pamba. Wengi hukoroga sekunde tano wakatoa kijiti kikiwa kimelowa chepechepe, na kamasi yote inabaki kwenye pamba ikielekea jalalani. Matone manne. Soma dakika 15, usisome baada ya 30. Wanunuzi wa Marekani waangalie rangi ya sanduku: jeupe ndilo la huko. Lile la buluu iliyokoza ni la soko la Ulaya, na mwaka 2022 FDA ilionya lisitumike Marekani kwa kuwa halikuwa na idhini yake.

BinaxNOW hakina mrija. Ni kadi kama kitabu kidogo: unailaza bapa, unadondosha matone sita kwenye tundu la juu, unaingiza kijiti kupitia tundu la chini mpaka ncha ionekane juu, unakizungusha kulia mara tatu, unabandua karatasi ya gundi na kufunga. Ni kisafi, hakuna kumwaga, ila kinaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, matone kugonga ukingo wa tundu badala ya kuingia, kwa kuwa kichupa kilishikwa kwa mshazari, kishike wima. Ya pili, mtu kuchomoa kijiti baada ya kukizungusha. Kiache humo. Na usishtuke kuona mstari wa buluu kabla hujaanza: ndio mstari wa C, utageuka waridi au zambarau maji yakipita. Ukibaki buluu, kipimo hakikufanya kazi, tupa.

Panbio kile cha vituo vya afya kinamtaka mhudumu ajaze bafa mwenyewe hadi alama ya mrija, mikrolita 300. Hapo ndipo kinapopotea. Bafa ikizidi, virusi vinachujuka. Ikipungua, maji hayafiki mwisho wa karatasi. Kijiti kinazungushwa angalau mara tano, kinavunjwa kwenye mkato wake, kifuniko kinafungwa, kisha matone matano. Kusoma ni dakika 15, mwisho 20, si 30. Kituo chenye foleni ya watu kumi na saa moja ya ukutani kitapitiliza dakika hizo bila kukusudia. Kuandika saa ya kuanza kwa kalamu juu ya kaseti yenyewe kunaondoa tatizo.

Kwa vyote: mrija ushikwe wima, tone liwe tone na si povu. Povu likiingia kidimbwini hesabu imeharibika. Matone kuzidi hufurisha karatasi na kuacha ukungu wa waridi kila mahali. Mstari wa T hafifu wenye rangi, ukisomwa ndani ya muda, ni "unayo". Haijalishi umefifia kiasi gani, unahesabiwa. Mstari wa kijivu usio na rangi uliojitokeza baada ya saa mbili, pale ulipoitazama tena kaseti kwa wasiwasi, hauhesabiwi.

Cha pamoja kina mistari minne badala ya miwili, na kosa lake ni la macho. Usihesabu mistari, soma herufi iliyo kando ya kila mmoja. Katika mwanga hafifu B na C zinafanana, na mtu anaweza kuuchukua mstari wa C kuwa influenza B. Piga picha, ikuze kwenye simu. Aliyepewa chanjo ya influenza ya kupuliza puani, ile yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, anaweza kuonyesha influenza kwa siku kadhaa baada yake bila kuumwa. Chanjo za sindano hazifanyi hivyo, na za UVIKO pia hazifanyi.

Hapa ndipo watu hukumbushia papai na mbuzi wa Mei 2020. Rais Magufuli wa Tanzania alisema sampuli za papai na mbuzi zilionyesha UVIKO, lakini alizungumzia sampuli za maabara, si kaseti hizi. Lakini kwenye kaseti kuna jambo la kweli: ukidondosha soda au maji ya chungwa moja kwa moja bila bafa, uchachu huvuruga kingamwili na mstari wa T unaweza kutokea. Kazi mojawapo ya bafa ni kuushikilia uchachu huo mahali pake. Ndiyo maana bafa iliyomwagika haijaziwi kwa maji ya bomba wala kwa bafa ya kipimo cha malaria, wala ya kampuni nyingine.

Joto

Vyote vinahifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30. Dar es Salaam na Mombasa mwezi Februari, chumba chenye bati bila dari hupita hapo kabla ya adhuhuri. Gari lililoegeshwa Muscat halina hata haja ya kujadiliwa. Joto kali hupunguza uwezo wa kuona virusi vilivyopo. Baridi kali nayo huongeza majibu ya "unayo" yasiyo ya kweli. Dukani usiulize tu tarehe ya kuisha muda. Angalia sanduku limekaa wapi. Lililopangwa kwenye kioo cha mbele linaloangaliwa na jua la mchana liache hapo. Nyumbani, kabati la chini kabisa la chumba chenye hewa linatosha. Friji si lazima, na ukilitumia, kaseti ipumzike mpaka ifikie joto la chumba. Wanaoishi kwenye baridi, kifurushi kilicholala nje kwenye barafu kikae ndani bila kufunguliwa angalau saa mbili kabla ya kutumia.

Unyevunyevu wa pwani ni adui mwingine. Mfuko wa foili uchanwe pale tu kijiti kiko tayari. Flowflex hutoa muda usiozidi saa moja baada ya kuchana. Mfuko uliotoboka, tupa hata kama tarehe bado. Kwa masanduku ya Marekani yanayoonekana yameisha muda, angalia kwanza namba ya toleo kwenye orodha ya FDA, kwa kuwa muda wa baadhi yao uliongezwa. BinaxNOW ulifikishwa miezi 22.

Bafa si dawa. Vichupa vyake vinafanana sana na dawa ya macho, na FDA ilishatoa onyo mwaka 2022 kuhusu watu walioidondoshea machoni au watoto walioiweka mdomoni. Ikigusa jicho, suuza kwa maji mengi.

Kuamini jibu kwa kiasi gani

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Watu 1,000 wenye dalili wakati UVIKO umevuma, 200 wanao kweli, kipimo kinanasa 80% na kinakosea 1% ya wasio nao. Kitaonyesha "unao" kwa 168: kati yao 160 wanao na 8 hawana. Kitaonyesha "huna" kwa 832, na ndani yao wamo 40 wanaoumwa. Sasa chukua watu 1,000 wasio na dalili, wakati umepoa, 5 tu wanao, na kipimo kinanasa 60% kwa sababu virusi ni vichache. "Unao" watakuwa 13, na 10 kati yao hawana kitu. Kaseti ni ileile ya kiwanda kilekile. Kwa hiyo "unao" ya mwenye homa iamini na uchukue hatua. "Unao" ya mfanyakazi mzima aliyepimwa kwa sababu ofisi imeagiza wote wapimwe, irudiwe kwa PCR kabla ya kumvurugia ratiba.

RSV tumeiacha makusudi. Ujerumani na kwingineko Ulaya duka la dawa litakuuzia kaseti ya nne kwa moja yenye RSV. Kwa mtoto mdogo ina maana, kwani vipimo vya antijeni vya RSV hunasa takriban 80% hadi 90% kwa umri huo. Kwa mtu mzima virusi puani huwa vichache mno, na "huna" yake haina uzito. Tusingelipia nyongeza hiyo kwa ajili ya babu mwenye miaka 70. Kwake tungetaka PCR. Na kwa mtoto mchanga mapafu yanatangulia kaseti: hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi: yeyote anayefikisha namba ya umri wake apelekwe kituoni bila kuchana mfuko wowote. Vivyo hivyo mtu mzima anayehema akiwa ameketi, mwenye maumivu ya kifua, aliyechanganyikiwa, au ambaye oksijeni yake kidoleni iko chini ya 90%.

Hospitali nyingi za Afrika Mashariki tayari zina mashine ya GeneXpert kwa ajili ya kifua kikuu. Mashine hiyo ina katriji ya kupima UVIKO, influenza A, influenza B na RSV kwa pamoja kutoka kijiti kimoja, na jibu hutoka kwa kama dakika 36. Kwa mgonjwa aliyelazwa hicho ndicho kipimo cha kuulizia, kwa sharti kwamba katriji zipo. Mashine bila katriji ya aina hiyo haitasaidia, kwa hiyo uliza kuhusu katriji, si kuhusu mashine. Na kama kikohozi kimefikisha wiki mbili, kaseti za puani zimemaliza zamu yao: kinachotakiwa ni makohozi kwenye kikopo, asubuhi, kwenye mashine hiyohiyo, kupima kifua kikuu.